Sauti Iliyoitika Abee

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwakataza watoto wasisimuliane habari za mizimu. Nilikuwa mwalimu wa madrasa huku kwetu, upande wa Mtinko, na mtoto akianza kuwatisha wenzake kwa habari za mtu asiye na kichwa, nilimsimamisha mbele akasoma mpaka hamu ya hadithi ikamwisha. Kwa hiyo anayenijua, akinisikia leo nasimulia jambo la namna hii, akae vizuri anisikilize. Sikulisikia kwa jirani wala sikuliota. Lilinikuta mimi, macho wazi, tasbihi mfukoni na udhu wangu haujatenguka. Mwenye shaka na awe nayo, hata mimi nilikuwa nayo. Nitasema tu nilichokiona na nilichokisikia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Lazima nianze na bata, kwa sababu bila bata nisingekuwa pale.

Mke wangu alipofariki, binti yangu Zuhura, anayefanya kazi mjini Singida, aliona nimekuwa mtu wa kukaa ukumbini nikitazama ukuta. Kusema nalia, silii. Nakaa tu. Akaja siku moja na kamera aliyoinunua kwa mtu, kamera nzuri, ina lenzi ndefu kama kibuyu cha maziwa, na stendi ya miguu mitatu. "Baba," akasema, "hapa una ziwa, una ndege, na huna kazi. Kapige picha." Nilicheka. Mzee wa ndevu nyeupe, niende kupiga picha bata? Lakini nilikwenda, nikanasa. Alhamdulillahi, nasema mpaka leo kwamba kamera ile ilinitoa mahali pabaya.

Ziwa letu si kubwa. Ni la magadi kidogo, limezungukwa na majabali, na mvua zikiwa nzuri linapanuka mpaka kwenye mashamba ya alizeti. Upande wa mashariki, penye matete, kijiji kilikubaliana pasichungwe, pasitegwe nyavu, wala watoto wasiende na manati, ili ndege wapate pa kupumzika. Mimi nilijijengea kibanda kidogo cha matete hapo, nikawa nakaa ndani baada ya swala ya alasiri, lenzi imechomoza nje, nangoja.

Wapo bata wa aina nyingi, lakini niliowapenda kupita wote ni wale tunaowaita bata wa mluzi. Uso mweupe kama aliyepaka unga, shingo nyeusi, miguu mirefu. Hawalii kama bata wa nyumbani. Wanapiga mluzi wa sauti tatu, laini, wa mwisho unashuka. Na jioni, kabla hawajaruka kwenda kutafuta chakula, wanasimama ukingoni kwa safu, bega kwa bega, wima, wote wametazama upande mmoja. Kila nilipowaona niliwaza msikiti. Iddi, kijana wetu wa bodaboda anayenipeleka siku ambazo magoti yanakataa, alikuwa ananitania.

"Shikamoo mzee. Leo tena unakwenda kuwapiga picha za pasipoti?"

"Marahaba. Leo wanapiga ya harusi, wewe endesha."

"Basi waambie wanipe kadi ya mwaliko, mzee, nami nile pilau."

Ndivyo nilivyoishi. Jioni narudi nyumbani, nasukuma mlango, nasema, "Mama Zuhura, nimerudi." Hayupo wa kunijibu, najua hayupo, nilimwingiza kaburini kwa mikono hii. Ni mazoea tu. Nilikuwa nikisema hivyo kila siku tangu afariki, na sikuona ubaya wake.

Sasa nikuambie habari za Jumanne.

Jumanne alikuwa mwanafunzi wangu tangu mdogo, mtoto wa mwisho wa Bi Hadija, wa kiume peke yake baada ya mabinti tupu. Mpole, mwenye haya. Kosa lake lilikuwa moja, mluzi. Mtoto anaandika alif na be, midomo yenyewe inapiga mluzi. Nilimgombeza nikachoka. Alipokua akawa mchungaji wa ng'ombe wa familia, na hapo mluzi wake ukapata kazi. Anayejua ng'ombe anajua kwamba wakifika majini unawapigia mluzi wa polepole, mrefu, wanywe kwa utulivu mpaka washibe. Ukiacha, nao wanainua vichwa. Hakuna huku kwetu aliyewanywesha ng'ombe kwa mluzi kama wa Jumanne. Watu wazima walikuwa wanasimama njiani kumsikiliza.

Masika ya mwaka juzi korongo lilifurika kwa ghafla, ziwa likapanuka mchana kweupe, ndama wakazingirwa na maji. Jumanne akaingia kuwatoa. Jioni ng'ombe wote walirudi nyumbani wenyewe, na ndama wao, kengele zinalia. Jumanne hakurudi. Tulimtafuta kijiji kizima, tukapapasa matope kwa miti mirefu, tukakesha kwa tochi. Tulichopata ni katambuga yake moja, ile ndala ya tairi, imekwama kwenye matete. Bi Hadija aliichukua akaiweka chini ya kitanda chake.

Basi wazee tukakaa, tukaona tumswalie swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti ambaye mwili wake haupo. Bi Hadija akakataa katakata. "Mtoto wangu haswaliwi akiwa hai." Mganga mmoja wa kupita alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Jumanne hakufa, amechukuliwa msukule, anafugwa mahali, na siku moja atasikia sauti ya mama yake arudi. Unajua maneno kama hayo yanavyomshika mtu mwenye uchungu? Msiba haukukaa. Hapakuwa na matanga wala dua. Kijijini tukawa hatuthubutu kusema "marehemu" mbele yake.

Na kila jioni Bi Hadija alikwenda kwenye jabali la upande wa magharibi wa ziwa, akasimama, akaita. "Jumannee! Jumanne weee!" Anaita mpaka giza linaingia. Mimi kule kibandani nilimsikia kila siku, sauti inakuja juu ya maji, na bata wanainua shingo.

Binti yake mkubwa, Mwajuma, alikuja kwangu siku moja akilia. "Mwalimu, mama anaingia majini. Juzi karudi kanga imelowa mpaka kiunoni. Nikimuuliza ananiambia amemwona mbele kidogo. Mwalimu, tutampoteza na yeye." Nikaenda kuongea naye. Nilimkumbusha habari za subira, nikamsomea aya. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha uji, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ulimzika mwenzako, una kaburi unalizuru. Mimi unaniambia nizike nini? Katambuga?"

Nilikunywa uji wake nikaondoka.

Haukupita muda mrefu likanikuta.

Ilikuwa jioni ya kawaida, jua limeshuka juu ya majabali, upepo umetulia. Bata wa mluzi walikuwa wamejipanga ukingoni karibu sana na kibanda, karibu kuliko siku yoyote. Nilifurahi, nikaanza kupiga picha. Nikiwa nasogeza lenzi taratibu kwenye ile safu, nikamwona mtu.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya bata. Kijana, amejifunga rubega, shuka la begani, mgongo kwangu, uso majini. Na alikuwa anapiga mluzi, ule wa polepole, mrefu, wa kunyweshea ng'ombe. Ng'ombe sikuwaona. Bata wa huku na wa huku walikuwa wamesimama wametulia, mmoja anajichokonoa bawa, na kila kijana akinyamaza, wao wanajibu kwa zile sauti zao tatu.

Nikuambie ukweli, sikuogopa. Nilikasirika. Nikajua ni mchungaji amevuka mpaka, ameleta mifugo upande uliokatazwa, na pengine kaificha nyuma ya matete. Nikatoka kibandani na fimbo yangu.

"Wewe bwana! Hujui hapa hapachungwi?"

Bata waliinua shingo zote kwa pamoja, wakanitazama mimi, wakaanza kukimbilia majini. Walinikimbia mimi, jamani. Wa kando yake hawakusogea hata hatua moja.

Kijana akageuza uso kidogo, si wote. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema. Nilisema kabla sijajua namjibu nani. Mdomo una mazoea yake. Nikaendelea kwa ukali uleule, "Ng'ombe wako wako wapi?"

"Walisharudi nyumbani, mwalimu."

"Na wewe mbona hurudi?"

Akatazama ng'ambo. Halafu akasema, kama mtu anayeona haya, "Naitwa."

Nikatazama chini. Rubega ilikuwa inachuruzika maji, nasi tulikuwa kiangazi, hapakuwa na tone la mvua kwa wiki nyingi. Nikatazama miguu yake. Mguu mmoja ulikuwa na katambuga. Wa pili ulikuwa mtupu.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilijaribu kusoma Ayatul Kursi, aya niliyoifundisha watoto kwa mamia, ikanipotea katikati. Nikaianza upya, nikaisoma mpaka mwisho kwa sauti, nikidhani kama ni shetani ataondoka. Hakuondoka. Aliinamisha kichwa akasikiliza, na nilipomaliza akasema "Amina" taratibu, kama alivyokuwa akisema darasani. Hapo machozi yakanitoka. Hofu ilikuwa imekwisha, nikabaki na huzuni peke yake.

"Jumanne," nikasema.

Hakujibu, kwa sababu wakati huohuo sauti ilikuja kutoka ng'ambo, kutoka kwenye jabali.

"Jumannee! Jumanne weee!"

Mara akasimama. Alisimama kama anavyosimama mtoto aliyelelewa, haraka, mikono imenyooka. Na akaitika. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ilipita juu ya ziwa lote.

"Abee, mama!"

Nilishangaa, hata katika hali ile. Sote tunajua msichana akiitwa husema abee, mvulana husema naam. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo, na aliyekosea darasa zima lilimcheka. Nikadhani nimesikia vibaya. Mama akaita tena, naye akaitika tena, "Abee!" Akaingia majini. Bata waliokuwa majini wakampisha, wakaacha njia, lakini maji yenyewe hayakutikisika. Alikwenda mpaka magotini, akasimama, akanyoosha shingo kutazama ng'ambo. Sauti ya mama haikubadilika. Ilikuwa inaita kama mtu asiyejibiwa.

Akarudi polepole, akasimama mbali nami kidogo.

"Hasikii," akasema. "Naitika kila siku, hasikii. Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema mzazi akiita huitiki umekaa, wala huondoki hali anakuita. Sasa mimi nitaondokaje?"

Nilikuwa nimelisema hilo kila mwaka, kwa kila darasa, kwa nia njema.

"Unataka kwenda, baba?" nikamuuliza.

"Nimechelewa, mwalimu. Wenzangu wa huku wote wamekwenda. Na yeye anaingia majini. Juzi alifika kiunoni. Ananifuata. Mwambie anipe ruhusa."

Mama akaita mara ya mwisho, sauti imekwisha, ile ya mtu anayekata tamaa mpaka kesho. Jumanne akageuka, "Abee, mama," safari hii kwa upole, kama anayemjibu mtu wa chumba cha pili. Bata wa mluzi wakaruka wote, wakapita juu yangu wakipiga zile sauti zao, mabawa meusi, anga jekundu. Nikainua macho kuwatazama, mazoea ya mpiga picha. Nilipoyashusha hapakuwa na mtu. Adhana ya magharibi ilikuwa inasikika kwa mbali kutoka kijijini.

Niliswali palepale kwenye mchanga. Kisha nikatembea mpaka nyumbani kwa Bi Hadija, kamera shingoni, magoti yanauma, kwa sababu nilijua nikilala na jambo lile, asubuhi nitajipa sababu ya kunyamaza.

Alikuwa amekaa jikoni, kanga bado mbichi, Mwajuma anamkamulia upindo. Nikasalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Sikupamba. Niliposema nimemwona, uso wake ulifungika kama mlango.

"Hata wewe, mwalimu?" akasema. "Hata wewe? Waganga wamekuja hapa na hadithi zao wakala kuku wangu. Wewe nilikuheshimu."

"Mama, msikilize kwanza," Mwajuma akasema.

"Nimesikiliza wengi." Akanigeukia. "Kila mmoja aliyekuja hapa amemsikia mwanangu. Mmoja amemsikia pangoni, mmoja amemsikia ndani ya chungu. Na wote wananiambia, amekuitika, amesema naam. Haya, mwalimu. Wako wewe ameitikaje?"

Nikaona haya. Nilijua likinitoka nitaonekana mzee aliyechanganyikiwa. "Bi Hadija, utanicheka. Nadhani masikio yangu yamezeeka. Alikosea. Ulipoita alisimama, akaitika abee, kama binti."

Mwajuma alinitazama kwa mshangao. Bi Hadija hakucheka. Mkono wake uliokuwa umeshika upindo wa kanga ukaachia, upindo ukaanguka chini kwenye majivu, naye hakuuinua.

Halafu akaanza kusema, kwanza kwa Kinyaturu, taratibu, kama anayesema peke yake, kisha akakumbuka tupo.

"Alikulia kati ya dada zake," akasema. "Niliwaita wao, wakaitika abee, naye akajua ndivyo mtu anavyomwitika mama. Baba yake alimchapa. Nyinyi kule madrasa mkamcheka. Akaacha. Mbele ya watu aliacha. Lakini tukiwa wawili, mimi na yeye, nikimwita, alikuwa anachungulia mlangoni kuhakikisha hakuna mtu, halafu anasema abee, mama, anacheka. Mtu mzima, ana ndevu. Abee, mama." Akafunika uso. "Hata huyu Mwajuma hajui. Hakuna anayejua."

Mwajuma akamshika. Mimi nikatoka nje, nikasimama uani na ng'ombe, kwa sababu kilio kile hakikuwa changu kukitazama. Tangu korongo lifurike, mwanamke yule hakuwa amelia. Aliita tu. Siku ile ndipo alipolia.

Kabla sijaondoka alinifuata mlangoni. "Alisema anataka ruhusa?"

"Alisema amechelewa."

"Na mimi ndiye niliyemchelewesha."

"Ulimpenda, Bi Hadija."

"Kesho tutakwenda upande wako," akasema. "Siendi kule jabalini tena."

Kesho yake jioni tulikuwa watatu ukingoni, yeye, Mwajuma na mimi. Kamera niliiacha nyumbani. Bi Hadija alikuwa amevaa kanga safi, na chini ya kwapa amebeba kitu amekifunga kwenye kitambaa. Bata wa mluzi walikuwapo kwenye safu yao. Walituona, wakainua shingo, lakini hawakukimbia.

Akaita mara moja tu. Hakupaza kama siku zote. Aliita kama unavyomwita mtu aliye ndani ya nyumba.

"Jumanne."

Mimi sikusikia kitu. Naapa, nilitega masikio, na sikusikia ila upepo kwenye matete. Mwajuma naye hakusikia. Lakini Bi Hadija aliinua kiganja kutunyamazisha, akainamisha kichwa kando, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa mwanamke kijana.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Leo nimekusikia."

Akafungua kile kitambaa. Ilikuwa ile katambuga. Akachuchumaa, akaiweka juu ya maji kwa mikono miwili, kama unavyomvalisha mtoto kiatu.

"Vaa usichomwe na miiba. Nimekuruhusu. Mama yako amekuruhusu, nenda. Nenda, baba yangu. Usigeuke."

Katambuga ilielea kidogo, kisha ikazama. Bata wote waliruka kwa pamoja, mluzi wao ukajaa hewani, na katikati ya mluzi wao, hili mimi nililisikia na Mwajuma alilisikia, ulikuwapo mwingine mmoja, mrefu, wa polepole, unaokwenda mbali. Ulikwenda mpaka ukaisha. Bi Hadija alibaki amechuchumaa, mikono bado imo majini. Nilimuuliza baadaye alichosikia alipoita. Hakuniambia, nami sikurudia kuuliza.

Ijumaa tulimswalia Jumanne swala ya ghaibu, msikiti ulijaa mpaka nje, na matanga yakakaa kama inavyostahili. Iddi wa bodaboda alibeba maji siku zote tatu bila utani hata mmoja. Bi Hadija yupo, anaishi, ni mnyonge kidogo, analima mtama wake na kufuga kuku. Jioni hakanyagi ziwani. Mwaka huu ziwa lilikauka sana, watu walitembea mpaka katikati, na hakuna kilichoonekana, si mfupa, si kitambaa. Nasema hivyo kwa sababu najua watu wanapenda kisa kama hiki kiishe kwa kaburi. Hiki hakina kaburi.

Je, nilichokiona kilikuwa nini? Elimu yangu inaniambia wafu wako barzakhi na njia ya kurudi huku hawana. Siipingi elimu yangu. Labda ilikuwa rehema iliyopewa sura ili mama mmoja asizame. Namshukuru Mungu kwa kunipitishia mimi, na simuulizi zaidi.

Zuhura alipokuja, aliitazama kadi ya kamera kwenye kompyuta yake. Sikuwa nimemwambia kitu. Picha za jioni ile zilikuwamo, safi, mwanga mzuri. Mtu hayumo hata katika moja. Yumo bata, na bata, na bata, halafu pengo la kiasi cha mtu aliyechuchumaa, halafu bata tena.

"Baba," akasema, "hawa mbona wameacha nafasi katikati? Kama safu ya swala inayomngoja mtu."

Nikamwambia azime.

Siku hizi naenda kwa bata asubuhi tu. Jioni nawaachia ziwa lao. Na limebaki jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Usiku ule niliotoka kumweleza Bi Hadija, nilifika nyumbani kwangu, nikasukuma mlango, na maneno yakafika mdomoni yenyewe. "Mama Zuhura..." Nikasimama hapohapo kizingitini. Mke wangu alikuwa mtu wa adabu kuliko sisi wote. Katika maisha yetu sikumbuki nimewahi kumwita mara mbili. Nikawaza, miaka yote hii ninapoingia na kumwita, anasimama wapi?

Bi Hadija alimpa mwanawe ruhusa kesho yake tu. Mimi, mwalimu, ilinichukua mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nilimruhusu nikiwa nimekaa upande wake wa kitanda, kwa sauti ndogo. Tangu hapo naingia nyumbani kwangu kimya, na ukimya huo ni mzito, sitakudanganya.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisoma. Mtu wako akitangulia, mwombee dua, toa sadaka kwa jina lake, mtaje kwa wema mbele ya watu. Lakini usisimame ukingoni mwa maji, wala mlangoni kwako jioni, ukamwita kana kwamba unamtaka arudi. Kama alilelewa vizuri, ataitika, na maadamu unamwita hatakwenda.